Nikimfuata Mama Mkwe Mwanza

Sifa zote zimrudie Mungu, aliyeumba nuru kwanza na macho baadaye, ambaye hakuniacha njiani wala hakumwacha yule niliyepewa kumfikisha. Ndugu zangu wa jumuiya yetu hapa Nkololo, tangu nirudi mmekuwa mkiniuliza mmoja mmoja, wengine baada ya misa, wengine mnadani, ni nini hasa kilitupata Mwanza, na kama ni kweli nilikamatwa na vijana. Nimeona niandike mara moja kuliko kusimulia vipande vipande, maana kipande cha habari kikitoka peke yake huota miguu. Mambo ya kadi za kliniki na tiketi nitayaruka. Yale hayana utamu.

Nkololo hadi Bariadi

Kwa asiyeijua nyumba yangu: mama mkwe, yaani mama yake mke wangu, alikuwa akiishi kwao Nkoma. Macho yake yote mawili yalipozibwa na mtoto wa jicho tulimhamishia kwetu. Nilimjengea nyumba nyuma ya boma, mlango wake ukitazama kule na wetu ukitazama huku, kwa sababu desturi yetu mnaijua: mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawagusani, wala mmoja hamtaji mwenzake kwa jina. Akitaka kutoka nje hukohoa, nami nikisikia hushika njia nyingine. Wapo vijana wanaosema mambo hayo yamepitwa na wakati. Mimi nimekuwa katekista miaka mingi na sijaona mahali desturi hii inapogombana na amri za Mungu. Ni heshima.

Mwaka jana alipasuliwa jicho la kulia huko Mwanza, likaona. La kushoto walisema lingoje. Tangu hapo tulikuwa tukienda kila mwezi jicho likaguliwe: yeye mbele pamoja na mke wangu, mimi nyuma na mizigo. Ukaguzi wenyewe ni mfupi. Ukiisha, mama mkwe alikuwa hataki kusikia habari ya stendi. Alitaka mji.

Muelewe jambo hili. Mtu aliyekaa gizani akifunguliwa jicho Nkololo, ataona ng'ombe na pamba, vitu alivyoviacha. Yeye alifunguliwa jicho Mwanza. Aliona nyumba zimekaa juu ya majabali, nyingine juu ya nyingine hadi kileleni, akamwuliza binti yake, "Maji wanayapandishaje? Na mtoto akidondosha sufuria inaishia kwa nani?" Kwenye duka moja kubwa alizikuta ngazi zinazotembea zenyewe, akapanda, akashuka, akapanda tena, hadi mlinzi akaja kuuliza kama bibi amepotea. Kule kwenye kivuko alisimama kuona lori zima likiingia ndani ya meli, kisha lingine, akasema kile chombo kina tumbo kama la fisi. Makoroboi, kwenye vichochoro vya vitenge, alishika kila kitambaa asichokinunua, akafanya urafiki na muuzaji mmoja mwenyeji wa Bukoba, Mama Adventina, ambaye alianza kumwekea kigoda. Hata Kiswahili, ambacho Nkoma hakukihitaji, alianza kukiokota pale kigodani.

Na mimi nyuma, kwa umbali ambao heshima inautaka, niliona kila alichokiona, nikachelewa kidogo tu. Akisimama, nilisimama. Akigeuka, niliingia nyuma ya nguzo. Nami nilianza kuingoja siku ya kliniki kama mtoto anavyoingoja Krismasi.

Masika haya mke wangu alikwenda Lingeka, kwa binti yetu Rejina aliyejifungua. Mvua zikakata njia za Meatu nyuma yake. Asubuhi moja sikusikia kikohozi. Jirani yetu Mama Shija aliingia kumwona akatoka mbio: jicho limevimba, jekundu, linatoa machozi, na bibi anasema anaona moshi. Nikampigia simu muuguzi wa kule kliniki.

"Mzee, mlete leo," akasema. "Siyo kesho. Likiwa limeingia vijidudu, kila saa inayopita inakula jicho."

Nilitafuta mwanamke wa kumshika mkono. Mama Shija alikuwa na mtoto mchanga mwenye homa. Wengine walikuwa mashambani ng'ambo ya mto. Nikasimama nyuma ya nyumba ya mama mkwe nikasema na ukuta kwamba tunaondoka. Ukuta ukasema, "Mwambieni nimesikia."

Tulipanda pikipiki mbili, yeye yake na mimi yangu. Kabla ya kufika barabara nzuri tulikuta kijito kimejaa, maji mekundu yakipita na matawi. Tukangoja. Mchungaji mmoja aliyekuwa upande wetu akasema hatutajua kwa kutazama, akaingiza ng'ombe wake kwanza. Maji yalipowaishia tumboni, madereva wakasema tuvuke kwa miguu wao wasukume vyombo.

"Mzee, mshike bibi upande ule," dereva wake akaniambia.

"Siwezi kumshika."

Akanitazama, akamtazama bibi aliyekwisha kugeukia pembeni, akaelewa. "Haya. Wewe shika pikipiki yangu, mimi nimshike yeye. Ila ukiiangusha, desturi haitanilipa." Ndivyo tulivyovuka. Sijawahi kukiombea chombo cha moto kama siku ile.

Bariadi hadi Lamadi

Basi lilikuwa limewasha injini tulipofika, lakini kuwasha injini siyo kuondoka. Lilinguruma likasogea hatua mbili, likarudi nyuma, likangoja abiria. Konda alikuwa kijana mchangamfu asiye mwenyeji. Alipomwona bibi amefunika jicho kwa khanga alifanya wema wake: akawaondoa watu wawili kwenye siti ya mbele akamkalisha, akanishika bega na kunisukumia pale pale kando yake.

"Mzee kaa umshike mgonjwa wako."

Nilisimama kama niliyekalia siafu. Mama mkwe naye alikuwa amejikunja kwenye dirisha hadi nikaogopa atalivunja.

"Nitakaa nyuma," nikasema.

"Nyuma? Bibi haoni, mzee unakimbia? Mmegombana?"

Mwanamke mmoja mnene aliyepakata kuku akacheka. "Wewe konda, hao ni wakwe. Unataka tulaaniwe basi zima?"

"Wakwe ndiyo wasikae?"

"Wewe wa kwenu mkoje? Mpeleke mzee nyuma, na yule binti aje hapa."

Watu wakahamahama bila mtu kuuliza lingine. Hilo ndilo zuri la kusafiri na watu wa kwenu: hawahitaji kuelezwa. Binti aliyekaa na mama mkwe aliitwa Milembe, anakwenda Mwanza kumtazama dada yake. Nikamwomba asimwache bibi alisugue jicho.

Tuliondoka jua likiwa limepanda, na mimi nikiwa nimekwisha kusali mafungu yote ya rozari mara mbili.

Lamadi hadi Mwanza

Lamadi basi lilisimama ili watu wale. Wauzaji walipandisha madirishani sato wa kukaanga, mahindi ya kuchoma, miwa. Nilinunua samaki mmoja mzuri pamoja na ugali, nikampa Milembe ampe bibi, nami nikashuka nikasimama nyuma ya basi, mahali macho yake hayafiki, nikala matobolwa, viazi vikavu nilivyotoka navyo nyumbani.

Kabla ya Magu tairi likapasuka. La akiba lilikuwapo, ila jeki ilikuwa imeazimwa na basi jingine. Tukashushwa kando ya barabara. Abiria wakaanza utani wao. Mmoja alimwambia konda aende akaazime basi zima, si jeki. Mimi sikucheka. Nilikuwa nikimtazama Milembe, kwa kuwa yeye niliruhusiwa kumtazama.

"Mwulize mama kama anaona mkono wako."

Akauliza. "Anasema anaona, lakini umo ndani ya moshi."

"Mwulize ni vidole vingapi."

"Anasema vidole ni vyangu, nihesabu mwenyewe."

Watu wa karibu wakacheka, hata yeye nikasikia anacheka, kisha kicheko kikakatika ghafla akashika shavu. Nikageuka nikatembea hadi kwenye shamba la mtu. Ndugu zangu, kuna maneno ambayo mtu humwambia mgonjwa: pole, vumilia, tunakaribia. Mimi yote ilinibidi niyaweke kwenye kinywa cha binti ambaye asubuhi ile sikumjua, na hayo yakifika kule yalikuwa yamepoa.

Jeki ililetwa na lori lililokuwa likipita. Tulipoanza kuyaona majabali ya Mwanza, nilimwona mama mkwe, kisogo chake tu, ananyoosha shingo. Aliinua khanga kwenye jicho linalouma akawa anageuza kichwa huku na huku, kama mtu anayekagua mizigo yake yote imefika.

Hospitalini

Milembe alimfikisha bibi hadi mlangoni, akaenda kwa dada yake. Muuguzi alitupokea vizuri. Akalitazama jicho. Akalifunika kwa kitambaa safi akamkalisha mama mkwe kwenye benchi la mlangoni.

"Daktari yuko chumba cha upasuaji," akaniambia pembeni. "Akitoka ataanza na huyu. Asiende popote, mzee. Akitoka akamkosa ataingia na mwingine, na hili jicho halina muda wa kumngoja huyo mwingine."

Nikanunua uji na mkate nikamwomba muuguzi ampe. Nikaenda nyuma ya jengo ale kwa amani. Nilisali pale. Nilipodhani amemaliza, nilirudi nikachungulia kwa pembe ya ukuta.

Kikombe kilikuwa kwenye benchi. Kitambaa safi cha jicho kilikuwa kando ya kikombe, kimekunjwa. Mtu hakuwapo.

Mama aliyekaa jirani alisema, "Yule bibi? Ametoka. Nilimwuliza anakwenda wapi, akasema kwa Kiswahili chake, 'Naona mji kwanza. Jicho linakufa.'"

Nilielewa yote kwa pamoja. Hakupotea. Alikwenda kuaga.

Nilimwambia muuguzi namfuata. Akasema, "Wewe ndiye uliyeambiwa ukae naye." Nikatoka.

Ndani ya mji

Mtu mwingine angeanza kuuliza polisi. Mimi nilikuwa nimemfuata mama mkwe miezi yote ile. Kama kuna mtu aliyejua mahali anaposimama, ni mimi. Nikaenda kwenye ngazi zinazotembea. Mlinzi yule yule alikuwapo.

"Bibi yako amepita hapa. Leo hakupanda. Alisimama tu chini akaziangalia."

"Zamani?"

"Si zamani sana. Jicho lake baya, mzee. Kwa nini mnamwacha?"

Nikaenda kwa haraka kwenye kivuko. Meli ilikuwa imekwisha kutoka, watu wametawanyika. Mchoma mahindi alisema bibi mmoja alisimama pale juani amejishika jicho, kisha akavuka barabara bila kutazama na pikipiki ikamkosa kidogo. Nilipoisikia habari ya pikipiki nilianza kukimbia. Mtu wa umri wangu akikimbia mjini watu hutazama kuona anafukuzwa na nani.

Mji ambao ulikuwa ukinifurahisha kila mwezi sasa ulikuwa adui. Majabali yale yale, rangi zile zile, spika za maduka zikipiga kelele, na katikati yake jicho moja linaloungua. Nikaomba, "Bwana, usilizime leo," nikashika njia ya Makoroboi.

Makoroboi

Nilimwona kutoka mbali. Amekaa kwenye kigoda chake mbele ya duka la Mama Adventina, kitenge cha njano kimelala mapajani, anakisogeza karibu na uso na kukipeleka mbali, karibu tena, mbali. Nikasimama. Nilikuwa nimempata, na sikuwa na njia ya kumfikia. Hakuna mke wangu, hakuna Milembe. Nikajibanza kwenye kona ya kibanda cha viatu nikiwaza nimtume nani.

Mkono ukanishika mkanda wa suruali kwa nyuma.

"Ndiye huyu?" sauti ya kijana ikauliza.

"Ndiye," akajibu Mama Adventina, ambaye alikuwa amesimama mlangoni ananiangalia. "Kila mwezi namwona. Bibi akisimama, anasimama. Bibi akigeuka, anajificha. Leo bibi amekuja peke yake, naye huyo hapo."

Walikuwa watatu, kisha wakawa wengi. Mnajua mambo hayo yanavyokua.

"Mzee mzima. Unamwinda bibi kizee?"

"Ni mama mkwe wangu," nikasema.

"Mama mkwe unamfuata kwa kunyata?"

Mmoja akaingiza mkono mfukoni mwangu akatoa rozari. "Ana rozari."

"Hata wezi wana rozari. Mpige kofi aseme."

"Ngojeni," akasema wa mkandani. "Mzee, kama ni mama yenu, mwite jina lake. Mwite, tumsikie akiitika."

Jina nalijua. Lilikuja hadi kwenye meno. Lakini miaka yote sikulitoa, na kulitoa pale, mbele ya kundi, kwa sauti ya mtu aliyekamatwa, ilikuwa kama kumvua mzee nguo sokoni. "Siwezi kumtaja," nikasema.

Wakacheka, na kicheko chenyewe hakikuwa kizuri. Wakanisukuma hadi mbele ya kigoda.

"Bibi, unamjua huyu?"

Na mama mkwe, kwa kuwa nilikuwa mbele yake uso kwa uso, alifanya alichofundishwa na mama yake: akavuta khanga akajifunika uso wote, akageukia ukuta.

"Mnaona anavyomwogopa?" Mama Adventina akasema, na hapo nikapigwa konzi la kwanza, kisogoni. Sikuinua mkono. Nilijua kwamba nikigombana nao daktari atatoka, atatazama benchi, ataingia na mwingine. Hilo ndilo lililoniuma kuliko konzi. Nikasema tu, "Mnipige, lakini mpelekeni hospitali. Jicho lake linakufa. Mpelekeni yeye kwanza."

Ndipo sauti ikatoka ndani ya khanga, Kiswahili cha kuokota, neno moja moja.

"Mwache. Huyo baba ya Rejina. Mume ya mtoto yangu. Sisi kwetu haiangaliani."

Konzi la pili likabaki hewani.

"Haiangaliani kivipi, bibi?" Mama Adventina akauliza.

"Heshima. Yeye nyuma, mimi mbele. Kila mwezi mimi najua iko nyuma. Kama haiko, mimi naogopa magari."

Kijana akauachia mkanda wangu taratibu, akaniweka sawa hata shati. "Mzee samahani. Sasa si ungesema?"

"Alisema," akamjibu mwingine. "Wewe ndiye uliyetaka kofi."

Rozari ikarudishwa mfukoni mwangu kwa adabu, kama wanarudisha yai kiotani. Mama Adventina alikuwa ameshika mdomo. Nikamgeukia yeye, kwa kuwa sasa nilikuwa na mtu wa katikati.

"Mwambie mama kwamba daktari anamngoja."

Mama mkwe akamjibu yeye, akitazama ukuta. "Mwambie, daktari atachoma jicho, giza itarudi. Mimi nataka kushiba kwanza."

"Mwambie kwamba daktari anataka kulizuia giza. Akichelewa ndipo litarudi."

"Mwambie aape."

"Siwezi kuapa habari ya kesho, kesho si yangu," nikasema. "Lakini mwambie hivi. Nikirudi Nkololo naye haoni, kwa sababu mimi nilisimama mbali kwa heshima, sijui nitamwambia nini binti yake."

Akakipapasa kile kitenge cha njano mara ya mwisho, akamrudishia mwenyewe, akasimama.

Bajaji ilikuwa moja. Mama Adventina akafunga duka, akaingia akakaa katikati yetu na mwili wake wote mkubwa, akasema, "Haya, mimi leo ni ukuta. Dereva, kimbiza."

Wodini

Daktari, binti mdogo kuliko Rejina wangu, alikuwa akivaa glavu kwa ajili ya mgonjwa mwingine tulipoingia. Muuguzi alimnong'oneza, akazivua. Vijidudu vilikuwa vimeingia ndani ya jicho. Alimchoma sindano mle mle jichoni. Nilikuwa nje ya pazia na sikusikia mama mkwe akilia hata kidogo.

"Sitoi ahadi," daktari akaniambia baadaye. "Mngechelewa kidogo tu ningekuwa naongea mengine. Sasa ni matone. Aina mbili, kila saa, bila kukosa. Tutajua keshokutwa."

Mama Adventina alirudi dukani kwake. Kitanda cha jirani kulikuwa na binti anayemwuguza mama yake. Akakubali kututonea dawa, akafanya vizuri, Mungu ambariki. Kesho yake mchana mama yake akaruhusiwa. Wakafunga mizigo wakatuaga. Muuguzi naye aliitwa kwa mgonjwa aliyeanguka chumba cha pili. Saa ya dawa ikafika. Nikatazama mlangoni, nikatazama dirishani. Mama mkwe alikuwa amelala ameelekea ukutani.

"Mayu," nikasema. Sikuwahi kumwita mama kwa kinywa changu bila mtu katikati.

"Nani?"

"Ni mimi. Saa imefika."

"Yule binti?"

"Ameondoka."

"Muuguzi?"

"Ameitwa."

Sasa tulikuwa tukisema Kisukuma, yeye na ukuta wake, mimi na chupa yangu. Nikaifungua chupa, kwa kuwa dawa ilikuwa ikichelewa.

"Wazee wangesema mbuzi wa kuondoa mwiko atoke kwanza, ndipo unishike," akasema.

"Mbuzi wako Nkololo, mama."

"Basi nitamdai huko huko. Tonesha."

Akageuka. Nilikuwa nimeosha mikono, nikaiosha tena. Nikaketi kitandani, nikaweka kiganja kwenye paji la uso wake, nikashusha kope la chini kama nilivyomwona binti akifanya. Tone la kwanza likaanguka pembeni.

"Umelinywesha shavu," akasema.

La pili liliingia. Na lililofuata baada ya saa, na yote yaliyofuata hadi siku ya tatu. Mke wangu alipopata mtandao akapiga simu kutoka Lingeka akiuliza ni nani anayemtonea mama yake dawa. Nikamwambia. Akataka nirudie. Kisha akasema, "Nawe umekula?"

Siku ambayo daktari alisema tutajua, alikuja asubuhi na kurunzi yake. Akaondoa kitambaa. Nilirudi nyuma hadi mlangoni kwa mazoea. Akamulika, akainama, akamulika tena. Akainua vidole, mama mkwe akavitaja. Akavigeuza, akavitaja. Daktari akaachia pumzi, nami nikajua kwamba naye alikuwa akiogopa.

"Moshi bado upo, bibi, lakini utapungua. Utaendelea kuja kila mwezi." Akageuka akanionyesha kwa kidole. "Na yule pale mlangoni, unamwona?"

Nilitaka kugeukia pembeni. Miguu ilikwisha kuanza. Lakini aliniangalia, nikabaki. Aliniangalia polepole, kuanzia kichwani kushuka, kama alivyokuwa akikiangalia kitenge, karibu na mbali. Kisha akamwambia muuguzi, aliyekuwa akimfasiria daktari:

"Huyu aliposindikiza ng'ombe wa mahari nyumbani kwangu, nilimchungulia kwenye tundu la ukuta. Alikuwa kijana mwembamba mwenye nywele nyingi. Mwulizeni daktari, ana hakika jicho hili limepona?"

Wewe uliyevumilia kusoma hadi hapa, Mungu ayalinde macho yako uwaone wajukuu wa wajukuu wako. Na siku yakikuuma, asikukoseshe mtu wa kuketi karibu nawe na kukutonea dawa. Amina.